Ziwa Nalo Litawatoa

Sisi tuliozaliwa mkoani Kagera na kufikia umri wa kukumbuka mambo mwaka 1996 hatuhitaji kuelezwa uzito wa tarehe 21 Mei. Asubuhi ya Jumanne hiyo, meli ya MV Bukoba, iliyokuwa imeng'oa nanga Bukoba jioni ya siku iliyotangulia na kupitia bandari ya Kemondo kuchukua abiria na shehena, ilipinduka katika Ziwa Viktoria ikiwa imekwisha kuikaribia Mwanza. Meli hiyo, iliyoanza kazi mwaka 1979, ilikuwa na uwezo wa kubeba watu 430. Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na watu 443, na wale wa daraja la tatu hawakuwa na orodha yoyote. Ndiyo maana hadi leo hakuna awezaye kutaja idadi kamili ya waliokufa, na makadirio mengi huzungumzia watu 800 au zaidi. Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo ya kitaifa, bendera zikashushwa nusu mlingoti, na nchi nzima ikakaa kando ya redio.

Baba yangu alisafiri daraja la tatu.

Alipandia Kemondo akiwa na mikungu ya ndizi aliyokuwa akimpelekea mdogo wake Mwanza, mikungu ambayo aliifunga yeye mwenyewe kwa kamba za migomba mbele ya nyumba huku akituagiza tusisahau kumfungulia mbuzi jioni. Baba mdogo alikuwa bandarini Mwanza akimngoja. Kutoka bandarini alikwenda katika uwanja wa Nyamagana, mahali ambapo miili ilipangwa ili ndugu waitambue, na alirudi pale kila siku hadi miili ilipokuwa haitambuliki tena. Baba hakuwamo. Wengi wa waliopatikana walizikwa katika makaburi ya pamoja Igoma, na huenda yuko miongoni mwao. Huenda pia hakutoka ziwani kamwe. Hatukupata kujua, na hatutajua upande huu wa maisha.

Naandika haya kwa sababu nimesikiliza shuhuda nyingi makanisani ambazo hutoka kwenye msiba na kufika kwenye ushindi kwa sentensi moja, na najua jinsi shuhuda za namna hiyo zinavyomwacha nyuma mtu ambaye bado yumo katika lile giza la katikati. Nyumbani kwetu tumaini lilikuja, na naliamini kwa moyo wangu wote, lakini lilikuja polepole, likapitia mlango ambao hakuna aliyeutazamia. Ningependa kueleza mlango huo ulikuwa upi.

Kwanza, mama yangu hakuweza kulala. Walioifuatilia habari ile watakumbuka kwamba meli ilipopinduka haikuzama mara moja, bali sehemu ya tumbo lake ilibaki juu ya maji, na waliofika kuokoa walisikia watu wakigonga kutoka ndani. Chuma kilipotobolewa ili watolewe, hewa iliyokuwa ikiishikilia meli ikatoka, nayo ikashuka chini. Waliofanya hivyo walitaka kuokoa, na mama hakuwalaumu hata siku moja. Lakini sauti ile ya kugonga, ambayo yeye hakuisikia kwa masikio yake, ilikaa ndani yake miaka mingi. Usiku alikuwa akiinuka kutoka kwenye nyasi zilizotandikwa sebuleni kwa ajili ya waombolezaji, anakwenda mlangoni, anafungua, anachungulia kibanjani, yaani katika shamba la migomba linaloizunguka nyumba, kisha anafunga tena.

Katika siku hizo za matanga, mgeni mmoja aliyetoka mbali alisimama na kumsomea Isaya 43:2: "Upitapo katika maji mengi nitakuwa pamoja nawe, na katika mito, haitakugharikisha." Alikusudia mema. Mama alimsikiliza hadi mwisho kwa heshima, kisha akamuuliza mbele ya watu wote: "Mume wangu yamemgharikisha. Je, neno hilo lilikuwa la watu wengine?" Hakuna aliyejibu. Mwinjilisti wetu, mzee wa siku nyingi katika uamsho, yaani ule mwamko wa kiroho ulioanzia Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kagera hadi Kenya, alinyamaza pamoja naye. Aliporudi kesho yake hakuleta maelezo. Alileta Zaburi 88, akaisoma yote, kuanzia kilio cha mwanzo hadi kwenye giza la mstari wa mwisho, akafunga Biblia na kukaa chini.

Mnaoifahamu zaburi hiyo mnajua kwamba haina mwisho mwema. Zaburi nyingi za maombolezo hugeuka mahali fulani zikawa sifa, lakini hiyo haigeuki. Inamwita Mungu, inamlalamikia kwamba mawimbi yake yote yamempata msemaji, na inakoma pale pale. Kwa muda mrefu sikuelewa kwa nini waliokusanya Maandiko waliiacha humo. Sasa naamini iliachwa kwa ajili ya watu kama mama, ili wajue kwamba kilio kisicho na jibu nacho ni sala, na kwamba mtu anaweza kukosa neno lolote la shukrani na bado akawa anazungumza na Mungu badala ya kumpa kisogo. Mama aliishika zaburi ile. Alisema ndilo neno la kwanza katika matanga yote lililomkuta mahali alipokuwa.

La pili lilikuwa habari ya wanafunzi katika mashua, Marko sura ya 4. Mahubiri niliyoyasikia utotoni juu ya sura hiyo yalikimbilia kwenye dhoruba kutulizwa. Mama alibaki kwenye swali la wanafunzi: "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Alisema kwamba wavuvi waliolizoea ziwa lao walimwuliza Bwana swali hilo hilo alilokuwa nalo yeye, na hawakutupwa nje ya mashua kwa kuliuliza. Bwana aliwauliza juu ya imani yao, ni kweli, lakini baada ya kuamka na kuukemea upepo, si kabla. Sijui kama wanatheolojia wangekubali namna alivyoipima habari hiyo. Mimi naikubali.

Hata hivyo, kuruhusiwa kulia si sawa na kupata tumaini, na hapa ndipo suala la kaburi lilipotusogeza mbele.

Kwa desturi yetu Wahaya, mtu huzikwa katika kibanja chake, kati ya migomba, karibu na wazazi wake. Babu yupo pale, bibi yupo pale, na nafasi ya Baba ilijulikana. Wazee wa ukoo, baada ya kungoja mwili kwa muda, walipendekeza tuzike shina la mgomba badala yake, ili roho zetu zitulie na matanga yaweze kumalizika. Lilikuwa pendekezo la upendo, na nazijua familia zilizofanya hivyo zikapata nafuu. Mama alikataa. Alisema kwamba akilifukia shina lile atakuwa amekiri kuwa Baba amerudishwa, naye hajarudishwa. Mvutano ulikuwa mkubwa, na wapo ndugu ambao hawakukanyaga kwetu kwa kipindi kirefu. Nafasi kati ya makaburi ikabaki na majani yake, na sisi watoto tukajifunza kupita pembeni bila kuitazama.

Aliporudi kwenye Isaya 43, mama alirudi peke yake, na alikwenda nyuma ya mstari uliomuumiza akasoma ule wa kwanza: "Usiogope, maana nimekukomboa; nimekuita kwa jina lako, wewe u wangu." Nakumbuka aliniita kutoka jikoni nimsomee kwa sauti, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamechoka na taa ya chemli ilikuwa ikififia, akaniambia nirudie sehemu ya jina. Baba hakuwa na jina katika karatasi yoyote ya meli ile. Tulipokwenda kufuatilia, tulitakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa ndani, na hatukuwa na cha kuonyesha isipokuwa maneno ya jirani aliyemsindikiza Kemondo. Kati ya mambo yote yaliyotupata, hilo la kuambiwa kwamba mtu wetu hakuandikwa ndilo lililomdhalilisha mama zaidi, kana kwamba maji yalimchukua mtu ambaye hakuwahi kuwapo. Na sasa Andiko lilisema kwamba yuko anayemjua kwa jina, aliyemtaja kabla hajaingia majini, na kwamba kumilikiwa huko hakukutegemea tiketi.

Baadaye nilijifunza jambo ambalo lingetusaidia kama tungelijua mapema. Maneno yale yalielekezwa kwa watu waliokuwa uhamishoni Babeli, watu ambao mji wao ulikuwa umekwisha kuchomwa, hekalu limebomolewa na ndugu zao wengi wamekufa. Hawakuwa watu waliolindwa dhidi ya msiba. Walikuwa watu ambao msiba ulikuwa umewapitia kabisa, nao wakaambiwa kwamba bado ni mali ya Mungu na kwamba maji hayatakuwa na neno la mwisho juu yao. Mtu akiusoma mstari wa pili kama kinga ya safari, ziwa litamfanya aone kwamba ni uongo. Ukisomwa kama ahadi kwa waliokwisha kuzama katika huzuni, unasimama.

Kisha ukaja Ufunuo 20:13. Mwinjilisti alikuwa akifundisha habari za siku ya mwisho katika jumuiya ya nyumba kwa nyumba, na alipofika kwenye maneno "Bahari ikawatoa wafu waliokuwamo ndani yake," mama alimsimamisha. Aliuliza kama ziwa limo. Mwinjilisti alijibu kwamba limo, kwa kuwa hakuna maji ambayo Mungu hakuyaumba na hakuna yatakayoachwa bila kudaiwa. Nimesoma maelezo ya kitaalamu kuhusu sura hiyo, na najua kwamba inazungumzia hukumu na kwamba bahari katika kitabu kile hubeba maana pana. Lakini najua pia kwamba Kanisa tangu mwanzo limekiri ufufuo wa mwili, si roho peke yake, na kwamba hilo linawahusu pia wale ambao miili yao haikupata kaburi. Paulo aliyewaandikia Wathesalonike wasihuzunike kama wasio na matumaini alikuwa mtu aliyevunjikiwa na jahazi mara tatu na kukesha kilindini. Hakuyaandika akiwa mgeni wa maji. Wala hakuwakataza kuhuzunika. Aliwaeleza tu kwamba huzuni yao ina mtu wa kumngojea.

Baada ya hapo mama alikubali kitu ambacho hakuna aliyekuwa amethubutu kumwomba. Alikwenda kwa mchungaji akaomba ibada ya kumbukumbu kibanjani, bila mwili na bila shina la mgomba. Ulisimikwa msalaba wa saruji wenye jina kamili la Baba na mwaka wake wa kuzaliwa, na chini yake maneno ya Ufunuo yakachongwa kwa msumari kabla saruji haijakauka. Ndugu waliokuwa wamenuna walikuja. Majani yalifyekwa, nafasi ikawa na jina, na kuanzia siku hiyo mama akalala.

Lakini habari ya ukombozi katika msiba wetu haikuishia kwa wafu. Kwangu mimi sehemu yake kubwa zaidi ilimhusu mtu aliye hai.

Kijiji cha jirani kulikuwa na kijana aliyetoka majini salama. Kila mtu alimwita mwenye bahati, na makanisa yalimtaka atoe ushuhuda. Hakutoa. Alianza kunywa, akaacha kazi ya uvuvi, na alipita barabara ya juu ili asilione ziwa. Miaka ilipita. Siku moja alikuja kwenye ushirika wa wanauamsho uliokuwa ukikutana kwetu, ambako watu wamezoea kuziweka dhambi zao nuruni mbele ya wenzao, akasimama karibu na mlango na kusema kilichokuwa kikimla. Alipokuwa akiogelea, mtu alimshika shati kwa nyuma. Aliona kwamba wote wawili wanazama. Akafungua vifungo viwili vya juu, akajipenyeza kutoka ndani ya shati kama alivyozoea kulivua utotoni, akaliacha mkononi mwa yule mtu. Hakugeuka. Alisema kwamba anachokumbuka ni jinsi shati lilivyokuwa zito lilipokuwa likimtoka.

Nyumba ilinyamaza. Mama aliuliza kama mkono ule ulikuwa wa mwanamume au wa mwanamke. Akajibu kwamba hajui. Mama akainuka, akavuka sebule, akamshika mikono yote miwili na kusema: "Mwanangu, kama alikuwa mume wangu, mimi nimekusamehe. Kama alikuwa mtu mwingine, Yesu anamjua, naye amekufa kwa ajili yenu wote wawili. Keti, ule."

Nimelitafakari tendo hilo maisha yangu yote ya utu uzima. Wapo watakaosema kwamba kijana yule hakuwa na kosa, kwamba mtu anayezama hana hiari, na kwamba hakukuwa na cha kusamehewa. Watu wengi walikuwa wamekwisha kumwambia hivyo, na huenda walikuwa sahihi, lakini maneno yao hayakumfikia kwa sababu yeye alijua uzito wa shati lile na wao hawakuujua. Mama hakubishana naye juu ya kiasi cha hatia yake. Aliichukua jinsi alivyoileta, akaipeleka msalabani mbele ya macho yake, naye alikuwa na haki ya kufanya hivyo kuliko mtu yeyote mle ndani, kwa kuwa alikuwa mjane wa maji yale yale. Sijawahi kusikia mahubiri yaliyonieleza Injili kwa uwazi kuliko hapo. Bwana wetu hakutuokoa kwa kutuhakikishia kwamba mambo si mabaya kama tunavyodhani. Alishuka yeye mwenyewe kilindini, akafa, na kwa sababu amefufuka ana mamlaka ya kumwambia aliyebaki hai kwamba anaruhusiwa kuishi.

Kijana yule, ambaye sasa ana mvi, aliacha pombe, ingawa si siku hiyo. Alianguka na kuinuka mara kadhaa, na mama alikuwa akimfuata kila alipoanguka. Leo ni mzee wa kanisa. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na kuua watu 228, ilhali uwezo wake ulikuwa watu 101, alifunga safari na wenzake kwenda Ukerewe kukaa na wafiwa. Aliporudi alituambia kwamba hakuhubiri. Aliwatafuta walionusurika, akakaa nao mmoja mmoja.

Habari ya kivuko hicho inanilazimu kusema jambo ambalo mama alilisisitiza hadi mwisho wa uhai wake. Kusamehe kwake hakukumaanisha kwamba meli ziendelee kujazwa kupita kiasi. Aliwasamehe waliohusika na safari ile, akawataja katika sala zake bila kujua majina ya wengi wao, na wakati huo huo kila alipopanda chombo chochote cha majini aliuliza kwa sauti majaketi okozi yako wapi na kama yanawatosha wote, hata kama manahodha walichukizwa. Kwake mambo hayo mawili yalitoka katika chemchemi moja, kwamba kila mtu aliyemo chomboni ana jina. Nahuzunika ninapowasikia Wakristo wakiyafunika maisha ya watu kwa neno "mapenzi ya Mungu" pale ambapo tunajua kabisa mzigo ulizidi na orodha haikuandikwa. Mungu anaweza kuleta uzima kutoka katika uovu na uzembe wa wanadamu, nami nimeuona uzima huo kwa macho yangu, lakini hatuna ruhusa ya kumbebesha yeye lawama ambayo ni yetu.

Mama alilala katika Bwana miaka michache iliyopita, akazikwa kando ya msalaba wa Baba. Tangu hapo wengine wamenitafuta, wakiwemo waliofiwa katika ajali ya ndege iliyoangukia ziwani karibu na uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, ambapo watu 19 walikufa. Swali ninaloulizwa zaidi ni la wale ambao mpendwa wao hakupatikana, katika ziwa au baharini au kwingineko, na hawajui waombeje.

Kwao nasema hivi. Msingoje mwili ndipo mwende kwa mchungaji. Mwombeni ibada ya kumbukumbu, na akisita, mwombeni tena, maana Kanisa linazo sala kwa ajili ya waliokufa majini na halina sababu ya kuwanyima. Liandikeni jina kamili mahali ambapo wajukuu watalisoma. Zaburi 88 isomwe yote, bila kuongezewa kitu, na baada yake Ufunuo 20:13. Na kama katika eneo lenu yuko mtu aliyenusurika siku hiyo, mpelekeeni mwaliko kwa mkono, si kwa simu, na mwekeeni kiti pamoja na familia.